Mchapuko, Kani na Mwanafunzi Asiyeruhusiwa Kubishana

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo huwauliza walimu watarajiwa ninaowafundisha swali moja kabla hatujafungua kitabu chochote. Mabasi mawili, yanayofanana kwa uzito, matairi na breki, yanakwenda katika barabara kuu. Moja lina mwendo wa kilomita 80 kwa saa, la pili kilomita 100 kwa saa. Mbele kuna kivuko, na watoto wa shule wanavuka. Madereva wote wawili wanakanyaga breki wanapofika kwenye nguzo ileile. Basi la kilomita 80 linasimama kabisa pale kivuko kinapoanzia. Je, basi la kilomita 100 linapofika pale kivukoni lina mwendo gani?

Karibu wote hunijibu bila kusita: kilomita 20 kwa saa. Mia kutoa themanini. Wengine huongeza kwamba huo ni mwendo wa baiskeli, na mtoto mwepesi anaweza kuukwepa.

Jibu ni kilomita 60 kwa saa.

Sababu yake haihitaji hesabu ngumu. Breki hupunguza mwendo wa basi kwa kiasi kilekile kila sekunde inayopita, hazihesabu mita. Basi la kwanza lilitoka kilomita 80 hadi sifuri, kwa hiyo wastani wa mwendo wake katika kipande kile cha barabara ulikuwa kilomita 40 kwa saa. Basi la pili, likiingia na 100 na kufika kivukoni na 60, lina wastani wa 80: limepita umbali uleule kwa nusu ya muda. Kwa kuwa breki zake zimepata nusu ya muda, zimeondoa nusu ya kile kilichoondolewa katika basi la kwanza, yaani kilomita 40 badala ya 80. Mia kutoa arobaini ni sitini. Na hapo nimewapa madereva wote wawili upendeleo wa kukanyaga breki mahali pamoja. Katika maisha halisi mtu huchukua muda kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki, na katika kila sekunde ya kushtuka basi la kilomita 100 hula karibu mita 28, ilhali la kilomita 80 hula mita 22.

Ninaowauliza swali hili si watoto. Wamefaulu fizikia ya Kidato cha Sita, na wengine wamefaulu vizuri sana. Nikiwaandikia swali hilohilo kwa mtindo wa mtihani, nikawapa mwendo wa awali, umbali na mchapuko hasi, wengi hulitatua kwa dakika chache. Kanuni wanayo. Walichokosa ni kutambua kwamba kanuni ile inazungumza juu ya basi walilopanda kuja chuoni.

Ninalileta jambo hili mbele ya wasomaji wa siasa na jamii, badala ya kuliacha katika vikao vya walimu wa fizikia, kwa sababu madhara yake hayabaki darasani. Sheria yetu ya usalama barabarani inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa mabasi na magari makubwa. Abiria anayemhimiza dereva aongeze mwendo, mwenye basi anayepanga ratiba isiyowezekana bila kuvunja sheria, askari anayeona kwamba kuzidisha kidogo si neno, na afisa anayepitia rasimu ya kanuni ofisini, wote wanaamini kwamba kilomita 20 za ziada ni kilomita 20 tu. Wengi wao walikaa mbele ya ubao ulioandikwa kanuni za mwendo. Tuliwapa alama, na hatukuwapa maarifa.

Niseme nilichokiona kwa macho yangu. Katika ziara ya kuwakagua wanafunzi wangu walio kwenye mazoezi ya kufundisha, niliketi nyuma ya darasa la Kidato cha Pili katika shule moja ya kata. Mada ilikuwa mchapuko na kani. Mwalimu kijana, mwenye bidii na sauti nzuri, aliandika ubaoni fasili ya mchapuko kwa Kiingereza. Darasa likaisoma kwa pamoja, mara tatu. Akaandika kanuni ya pili ya Newton. Ikasomwa kwa pamoja. Akafanya mfano mmoja wa hesabu, akauliza kama kuna swali. Hakukuwa na swali. Ukutani, karibu na mlango, palibandikwa karatasi inayokataza kuzungumza Kiswahili katika eneo la shule.

Baada ya kipindi nilimwomba mwalimu ruhusa, tukatoka na wanafunzi wachache hadi chini ya mwembe. Nikaokota jiwe dogo, nikalirusha juu, nikalidaka. Nikawauliza kwa Kiswahili: jiwe likiwa bado linapanda, baada ya kuachana na mkono wangu, ni kani gani zinazolisukuma au kulivuta?

Ukimya wa darasani uliisha palepale. Binti mmoja alisema nguvu ya mkono imeingia ndani ya jiwe, nayo inapungua kidogo kidogo. Ikiisha, jiwe linarudi chini. Kijana mmoja akampinga: "Mkono wa mwalimu uko huku chini, utalisukumaje jiwe lililoko kule juu?" Binti akajibu, "Basi niambie wewe, kama hakuna kinacholisukuma, linapandaje?" Kijana akanyamaza, akafikiri, akasema pengine linapanda kwa sababu lilikuwa tayari linapanda. Wenzake wakamcheka. Yeye ndiye aliyekuwa amekaribia ukweli kuliko wote.

Msomaji asimcheke binti yule pia. Alilolisema lilisemwa na Yohana Philoponus wa Iskandaria katika karne ya 6. Ibn Sina alilichambua wazo la aina hiyo katika karne ya 11, na Jean Buridan akalifundisha Paris katika karne ya 14. Ni wazo la watu wenye akili wanaotazama dunia kwa makini. Kila siku tunasukuma mikokoteni, na kila siku tunaona kwamba ukiacha kusukuma, mkokoteni unasimama. Kwa nini basi mtu asiamini kwamba mwendo unahitaji nguvu ya kuuendeleza, na kwamba kitu kinachokwenda kimebeba nguvu ndani yake?

Galileo na Newton walitufundisha kutazama upya. Kani haitunzi mwendo. Kani hubadilisha mwendo. Mkokoteni husimama kwa sababu msuguano unaurudisha nyuma, na msukumaji anayekwenda kwa mwendo usiobadilika anafanya kazi ya kuufuta msuguano huo tu. Jiwe linalopanda, tukiacha ukinzani mdogo wa hewa, lina kani moja peke yake, ambayo ni mvutano wa dunia unaoelekea chini. Kani hiyo ndiyo inayolipunguza mwendo likipanda, ndiyo iliyopo hata pale juu linaposimama kwa nukta moja, na ndiyo inayoliongeza mwendo likirudi. Anayelielewa jiwe hili ameelewa mchapuko. Asiyelielewa, hata akipata alama zote za hesabu, ataendelea kulitazama basi kama alivyolitazama kabla hajaenda shule.

Hapa watetezi wa Kiswahili, nami nimo miongoni mwao, tunapaswa kuwa wakweli. Kosa la binti yule halikuletwa na Kiingereza. Mwaka 1982 mtafiti wa Marekani, John Clement, alichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi wa uhandisi juu ya sarafu iliyorushwa juu. Wengi walichora kani inayoisukuma sarafu kwenda juu, hata baada ya kusoma somo lenyewe. Mwaka 1992 David Hestenes na wenzake walichapisha jaribio la maswali ya kuchagua kuhusu dhana ya kani, maswali yasiyohitaji hesabu, na matokeo yakawashangaza maprofesa wengi. Eric Mazur wa Harvard ameeleza jinsi mwanafunzi wake mmoja alivyouliza ajibu vipi maswali yale: kwa alivyofundishwa, au kwa anavyofikiri mwenyewe. Wanafunzi hao walifundishwa kwa lugha wanayoitumia kila siku, wakiwa na maabara na vitabu. Kubadilisha lugha ya ubaoni peke yake, tukaendelea kukaririsha, kutatupa wanafunzi wanaokariri kwa Kiswahili.

Swali linalofuata ni nini kinachosaidia. Mwaka 1998 Richard Hake alichapisha ulinganisho wa madarasa ya fizikia ya Marekani yenye jumla ya wanafunzi zaidi ya 6,000. Madarasa ambamo wanafunzi walijadiliana, walitabiri, walijaribu na kusahihishwa papo hapo yalipiga hatua ambayo, kwa wastani, ilikuwa karibu mara mbili ya madarasa ya kusikiliza mhadhara. Dhana ya zamani haing'oki kwa kuambiwa kwamba ni kosa. Hung'oka mwenye nayo anapoitamka hadharani, akaitetea, akabanwa na mwenzake, kisha akaona jambo ambalo dhana yake haiwezi kulieleza.

Na kubishana kunahitaji lugha. Mtu anaweza kukariri kwa lugha asiyoimudu. Anaweza hata kukokotoa. Hawezi kubishana. Swali la binti yule, "linapandaje?", lilihitaji wepesi wa ulimi ambao Kidato cha Pili chetu hakina kwa Kiingereza, hasa kwa mtoto aliyesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili. Karatasi iliyobandikwa mlangoni haikumpa Kiingereza. Ilimnyang'anya hoja.

Historia yenyewe ya somo hili inatufunza. Galileo alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya mwendo mwaka 1638, mjini Leiden. Katika sehemu inayohusu mchapuko, nadharia na uthibitisho wake vimeandikwa kwa Kilatini, lugha ya wasomi wa Ulaya wa wakati ule. Lakini watu watatu wanaovisoma na kuvijadili, Salviati, Sagredo na Simplicio, wanabishana kwa Kiitaliano. Simplicio anaruhusiwa kushangaa na kupinga kwa lugha yake. Kilatini kilibaki mahali pake, na mabishano yakapata mahali pake. Miaka karibu 50 baadaye, mwaka 1687, Newton aliandika kanuni zake kwa Kilatini pia. Mfano huu unanitosha: lugha ya kimataifa ya kuhifadhi na kutangaza matokeo, na lugha ya mtu mwenyewe ya kuyatafuta.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wengi hawalioni. Kiswahili cha kila siku kina neno moja lenye kazi nyingi: nguvu. Tunasema nguvu za mkono, nguvu za dola, nguvu za umeme, nguvu za hoja, mtu mwenye nguvu. Wataalamu wetu walikwisha kulipangua fungu hili. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Leo tunaweza kutenganisha kani inayosukuma au kuvuta na nishati inayowezesha kazi kufanyika, na kuzungumza juu ya mchapuko na msuguano bila kukwama. Sasa mfikirie mwanafunzi anayesikia neno la Kiingereza la kani. Kichwani analitafsiri kuwa nguvu, na pamoja na neno hilo zinaingia maana zake zote: uwezo, uhodari, kitu kinachobebwa na kuisha. Mwalimu aliyekatazwa kutumia Kiswahili hawezi kuliona neno hilo likifanya kazi, kwa kuwa halitamkwi. Tumelifukuza mdomoni, likabaki linatawala kimya kimya katika fikra. Njia ya kulitoa ni kulitaja, kulichambua, na kumpa mtoto maneno mengine pembeni yake.

Yapo yanayosemwa kupinga, nayo yana uzito. Wazazi wanataka watoto wao wajue Kiingereza, na wana haki. Ajira na vyuo vinakidai. Mtihani wa taifa huja kwa Kiingereza, na mwalimu anayetumia nusu saa kwenye mjadala wa jiwe anaogopa kutomaliza muhtasari. Darasa lina wanafunzi wengi kuliko viti. Maabara haina vifaa. Sikuyaandika haya nikiwa nimekaa mbali nayo. Wahitimu wangu hunipigia simu na kunieleza.

Lakini tuyapime. Kuruhusu mjadala wa Kiswahili hakumnyimi mtoto Kiingereza. Mtoto aliyeelewa kwanza hujifunza fasili ya Kiingereza kwa urahisi zaidi kuliko yule anayekariri sauti. Kuhusu vifaa, dhana ya mchapuko haidai maabara ya kifahari. Toboa dumu la maji tundu dogo linalodondosha matone kwa mfuatano sawa, liweke kwenye mkokoteni, usukume juu ya udongo mkavu. Mkokoteni ukienda kwa mwendo usiobadilika, matone huacha alama zenye nafasi sawa. Ukiongeza mwendo, nafasi zinapanuka. Mtoto anaupima mchapuko kwa rula yake. Funga ufunguo kwa uzi, ushike ndani ya daladala ukiwa umekaa. Daladala likiondoka, ufunguo unabaki nyuma. Likifunga breki, ufunguo unakwenda mbele. Waulize wanafunzi kabla: daladala likienda kwa mwendo uleule kwenye barabara iliyonyooka, ufunguo utainamia wapi? Wengi watasema nyuma. Kisha waone wenyewe kwamba unaning'inia wima, uwe mwendo wa kilomita 20 au 60. Hapo uliza tena kama mwendo unahitaji kani, na ukae pembeni usikilize.

Hata msongamano wa wanafunzi haufuti njia hii. Swali la mabasi mawili linaweza kuulizwa kwa wanafunzi themanini kwa wakati mmoja: kila mmoja ajibu kimya, kisha amshawishi jirani yake kwa dakika tatu, kisha ajibu tena. Kazi ya mwalimu ni kuchagua swali zuri na kuzuia haraka yake mwenyewe ya kulijibu.

Kuhusu sera, hatuanzi sifuri. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika katika ngazi zote. Madarasa ya sekondari za serikali yakaendelea kama yalivyokuwa. Tumeugeuza mjadala huu kuwa wa kuchagua moja kati ya lugha mbili, kwa hiyo kila baada ya miaka kadhaa tunagombana, hatuamui, na mtoto anaendelea kusoma fasili mara tatu kwa pamoja.

Ninapendekeza mambo matatu madogo, ambayo hayahitaji kusubiri ushindi wa upande wowote. Kwanza, wizara itoe waraka ulio wazi kwamba katika vipindi vya sayansi mjadala wa wanafunzi kwa Kiswahili unaruhusiwa, na kwamba hakuna mwanafunzi wa kuadhibiwa wala mwalimu wa kushushiwa tathmini kwa sababu hiyo. Walimu wengi hufanya hivyo kwa siri hata sasa, wakinyamaza mthibiti ubora wa shule anapoingia. Jambo jema lisifanywe kwa kujificha. Pili, mtihani uwe na maswali ya dhana yasiyohitaji kikokotoo: chora kani zote zinazolihusu jiwe likiwa linapanda, eleza kwa nini abiria aliyesimama huyumba mbele dereva akifunga breki. Kinachopimwa ndicho kitakachofundishwa, na kila mwalimu analijua hilo. Tatu, vyuo vya ualimu, changu kikiwemo, vimpime mwalimu mtarajiwa kwa namna anavyoongoza mabishano, si kwa namna anavyojaza ubao. Katika hili nami nina deni, kwani kwa miaka mingi nilitoa alama nzuri kwa ubao uliopangwa vizuri.

Kwa wanaharakati wa usalama barabarani, ombi langu ni kwamba kampeni zisiishie kwenye mabango ya kuwasihi madereva. Lipelekeni swali la mabasi mawili kwenye vituo vya bodaboda, kwenye vyama vya madereva na kwenye mikutano ya wazazi. Kwa watumishi wa umma, kila pendekezo la kuongeza ukomo wa mwendo "kidogo tu" lipimwe kwa hesabu ile ya sitini. Kwa wanafunzi wanaonisoma, chukueni swali hili leo mkawaulize walio nyumbani, kwa lugha wanayoizungumza vizuri kuliko zote. Msiwape jibu. Waacheni kwanza wabishane.